Karatasi ya Mradi na Jina la Mwenye Kampuni

Usenge, mji wa wavuvi katika eneo bunge la Bondo, Kenya, ni mdogo kiasi kwamba anayenunua injini mpya ya mashua hujulikana kabla haijafungwa. Mtu angedhani basi kwamba fedha za darasa au zahanati zikiliwa, mlaji atatajwa mara moja. Hutajwa, ila kwa kunong'onezana. Mkazi anaweza kujua kandarasi imekwenda kwa shemeji ya nani, lakini hana zabuni mkononi, hana hati ya malipo, hana orodha ya vifaa vilivyolipiwa. Pengo hilo ndilo mashirika ya kufuatilia ufisadi hujaribu kuliziba.

Mfano ulio karibu ni Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, CDF. Sheria ya 2003 ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Mbunge aliipitisha bajeti bungeni, akarudi nyumbani kuteua kamati ya kuzitumia fedha hizo, kisha akatarajiwa kuikagua serikali inayozitumia. Katika mpango kama huo, upendeleo hauhitaji hata kuvunja sheria. Kamati ya marafiki humpa rafiki kazi, sahihi zote zipo, na mkaguzi wa hesabu hupata faili safi.

Mwaka 2007 shirika la haki za binadamu la MUHURI, la Mombasa, liliamua kuitoa faili ofisini na kuipeleka uwanjani. Likifuata mbinu za wanaharakati wa Rajasthan, India, liliwafundisha wakazi wa Changamwe kusoma hati za CDF, kisha wakaenda kwenye miradi kuhesabu kilichojengwa na kukilinganisha na kilichoandikwa. Mwishoni kukawa na kikao cha hadhara, wahusika wakaulizwa maswali mbele ya walipa kodi. Naona uzito wa kazi ile ulikuwa hapo: mzee asiyejua uhasibu anajua mabati ya zamani yakipakwa rangi upya.

Njia ya pili ni mahakama, nayo huchosha. Mashirika mawili, TISA na CEDGG, yaliipinga Sheria ya CDF ya 2013, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2015. Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, kwamba sheria ile ilikiuka Katiba. Ushindi mkubwa, sivyo? Lakini wabunge walikuwa wamekwisha kutunga nyingine mwaka 2015, na hazina ikaendelea. Ilibidi kesi mpya ifunguliwe, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha hiyo nayo.

Kuna sehemu ambayo hata hati zote haziifikii. Kampuni ya mkandarasi yaweza kuandikishwa kwa jina la dereva au mpwa, na wamiliki halisi ambao sheria ya Kenya sasa inataka waorodheshwe hawako wazi kwa kila mwananchi. Mtafiti aliyetoka Nairobi ataona jina geni tu. Mchuuzi wa omena atalitambua mara moja. Lakini yeye ndiye atakayekutana na mwenye jina sokoni kesho yake, na huenda mtoto wake anasubiri basari kutoka kwa kamati ile ile ya CDF.

Shirika nalo lina woga wake. Mwaka 2015 serikali iliiweka MUHURI kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi na akaunti zake zikafungwa, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka uo huo kwamba hapakuwa na msingi. Fedha za wafadhili wa nje pia huwapa wanasiasa neno rahisi la kuwaita vibaraka.

Kwa hiyo kazi inafaa igawanywe kwa hatari anayoweza kuibeba kila mmoja. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na inayokataa hushtakiwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua hiyo iandikwe na shirika lenye wakili, kwa nembo yake. Mkazi wa Usenge apewe majibu ayasome kimya, aonyeshe jina la mwenye kampuni, na jina lake mwenyewe lisionekane popote kwenye ripoti.