Jinsi ajuza alivyolemea genge la majambazi watano

FILAMU nyingi za wizi huwa na bingwa wa hila na mpango usio na doa, kisha mambo yakaharibika siku ya tukio lenyewe. The Ladykillers, kichekesho kilichotolewa na studio za Ealing nchini Uingereza mwaka 1955, kinafuata njia nyingine. Humu wizi wafaulu. Balaa huja baadaye, na anayeileta ni kikongwe asiyejua hata kwamba yumo vitani.

Kiongozi wa genge ni Profesa Marcus, aliyeigizwa na Alec Guinness kwa meno bandia ya kutisha. Anakodi vyumba kwa Bi Wilberforce, mjane aishiye na kasuku wake karibu na stesheni ya King's Cross, London. Anamweleza kuwa yeye na wenzake wanne ni wanamuziki wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Mlango ukishafungwa, santuri ya Boccherini huwekwa na njama hupangwa. Mjane anapobisha kuuliza kama watapenda chai, wanaume hao hukurupuka kunyakua fidla wasizojua hata kuzishika.

Wanavamia gari lenye pauni 60,000, wanazitia sandukuni, na sanduku linapelekwa stesheni. Anayetumwa kulichukua kwa teksi, kama mzigo wa mpangaji wake, ni mjane mwenyewe. Nani angemshuku? Hapo ndipo ulipo werevu wa Profesa, na ndipo lilipo kosa lake. Ameugeuza wema wa mtu kuwa chombo cha kazi, naye hana uwezo wa kuuzima anapotaka. Njiani ajuza anasimamisha teksi ili kumtetea farasi aliyekula matunda ya mchuuzi. Ugomvi unazuka, na mwishowe polisi wenyewe ndio wanaolifikisha sanduku nyumbani!

Siri inafichuka kwa jambo dogo. Wakati wa kuondoka, mmoja wao, pande la mtu lenye akili nzito, anavuta kwa nguvu kasha la ala lililobanwa mlangoni, nalo linafunguka na noti kumwagika. Bi Wilberforce anadai fedha zirudishwe. Profesa anajitetea kwamba bima italipa, na kila mteja atapoteza chembe tu ya senti. Hoja hiyo haimwingii. Kabla hawajamaliza kujadiliana, wanafika vikongwe wenzake, na majambazi wanalazimika kuwatumbuiza na kunywa chai kwa adabu. Pengine hakuna sehemu inayochekesha zaidi ya hiyo.

Wanapoamua kumuua, hakuna aliye na moyo wa kulifanya. Wanapiga kura, wanadanganyana, wanauana. Mmoja baada ya mwingine, maiti zinaangushwa katika mabehewa ya mizigo yanayopita nyuma ya nyumba.

Mwandishi wa hadithi, William Rose, alisema ilimjia ndotoni. Mwelekezi alikuwa Alexander Mackendrick, na miongoni mwa majambazi yumo Peter Sellers, ambaye wakati huo hakuwa bado nyota wa sinema. Lakini aliyewafunika wote ni Katie Johnson, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 75. Uigizaji wake wa mjane huyo ulimpa tuzo ya BAFTA. Alifariki mwaka 1957.

Mwaka 2004 ndugu Joel na Ethan Coen waliihamishia hadithi hii Mississippi, Marekani, Tom Hanks akiwa kiongozi wa genge. Irma P. Hall alituzwa Cannes kwa kumwigiza mjane, naye alistahili. Hata hivyo, mjane wake ni mkali, mwepesi wa kumzaba mtu kofi, na kichekesho kinapungua kwa sababu hiyo. Bi Wilberforce hana silaha yoyote ila adabu zake.

Wanaume wote wakishakwisha, anakwenda kituo cha polisi kueleza kwamba fedha zimebaki kwake. Maafisa, waliokwisha kuzoea visa vyake, wanamwambia kwa upole azihifadhi tu. Anaondoka na kusahau mwavuli wake, kama kawaida yake. Anapoitwa aje auchukue, anakataa: sasa anaweza kununua mipya kumi na miwili.