Fani ya Pili kwa Mwanafunzi wa Habari: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Elimu ni huduma inayonunuliwa, ingawa wengi huona haya kuiita hivyo. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe asomee uandishi wa habari ni mlaji, sawa na anayenunua jokofu. Tofauti ni kwamba jokofu bovu hurudishwa dukani, ilhali miaka mitatu ya chuo hairudishwi. Sura hii inahusu sehemu ya ununuzi huo isiyoangaliwa sana: fani ya pili, yaani kundi la masomo ambayo mwanafunzi wa habari huyachagua kando ya fani yake kuu.

Katika vyuo vikuu vya Marekani jambo hili lina utaratibu wake maalumu, na kwa kawaida fani ya pili huandikwa kwenye transkripti ya mhitimu. Hapa Tanzania mara nyingi huja kwa sura nyingine: kozi za hiari ndani ya shahada, au cheti kinachosomewa jioni katika chuo kingine. Njia zote mbili zafaa, mradi mlaji ajue anacholipia.

Kosa la kawaida ni kuchagua kilicho jirani mno. Mwanafunzi wa habari huongeza uhusiano wa umma, au masoko, au utengenezaji wa video, kisha huhitimu akiwa amefundishwa jambo lilelile mara mbili. Kamera na uhariri wa sauti atavizoea kazini. Fani kuu imekwisha kumfundisha namna ya kusema; ya pili na impe la kusema.

Chukua mfano wa uhasibu. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni. Mwandishi asiyejua hesabu huona kwamba halmashauri fulani imepata hati inayoridhisha, akaandika kwamba fedha za wananchi ziko salama. Hati hiyo haisemi hivyo. Husema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa ipasavyo, kwa kufuata viwango vya uhasibu, katika mambo yote ya msingi. Ripoti hiyohiyo yaweza, kurasa chache mbele, kutaja malipo yasiyo na stakabadhi au vifaa vilivyolipiwa visivyopokelewa. Aliyesoma uhasibu walau mihula miwili huzifungua kurasa hizo. Mwenzake hunakili muhtasari, na mwananchi wa halmashauri ile hubaki gizani.

Takwimu nazo zina faida ya aina hiyo. Kiwango kikipanda kutoka asilimia 10 hadi 15, kimeongezeka kwa pointi 5, na pia kimeongezeka kwa nusu ya kilivyokuwa. Vichwa viwili vya habari, vyote vya kweli, lakini kimoja hutisha zaidi. Mwandishi apaswa kujua anachagua kipi na kwa nini. Sheria, afya ya jamii na kilimo vyafaa vilevile. Kifaransa kimepata uzito zaidi katika ukanda wetu tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Baina ya hizo, mwanafunzi achague ile ambayo angeisoma hata kama haina mtihani. Hatusemi kwamba fani yoyote kati ya hizi huleta ajira. Chuo kinachotoa ahadi hiyo kiogopwe.

Sasa bei. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za mihadhara, kujisomea na mazoezi. Krediti 60 za nyongeza ni saa 600, sawa na nusu mwaka wa masomo, kwa kuwa mwaka mmoja wa shahada huhesabiwa krediti 120. Kwa hiyo uliza kama kozi hizo zinaingia ndani ya shahada au zinarefusha muda, na kama Bodi ya Mikopo italipia muda huo. Aliyeajiriwa hurejesha mkopo kwa asilimia 15 ya mshahara wake wa mwezi. Muhula usio wa lazima hulipwa muda mrefu.

Jihadhari pia na jina la tuzo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu ya mwandishi. Tangu hapo neno "stashahada" lina soko. Stashahada halali ni ngazi ya 6 ya tuzo za kitaifa za ufundi na haipatikani kwa miezi mitatu. Kwa cheti na stashahada, uliza NACTVET kama chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa. Kwa shahada, uliza Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo kuwa na usajili hakumaanishi kwamba kila kozi yake imeidhinishwa.

Mwisho, omba chuo kikujibu kwa maandishi: je, fani ya pili itatajwa kwenye transkripti, ada yake ni kiasi gani, na ratiba yake haigongani na ya fani kuu? Barua hiyo ihifadhiwe pamoja na stakabadhi ya benki.