Watoto Wetu Gulioni: Mambo ya Kuzingatia Safarini



Familia nyingi husafiri na watoto mwisho wa juma: kumwona bibi, kuhudhuria kipaimara au harusi. Mara nyingi safari hiyo hukutana na siku ya gulio. Tuchukue mfano wa Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako gulio huchangamka zaidi siku za Alhamisi na Jumapili. Familia itokayo Tanga hupita Mombo, kisha hupanda mlima kwa barabara yenye kona nyingi, kilometa 33 hivi. Watoto hufika wamechoka, wana kiu na njaa. Mbele yao kuna plamu, mapichi, ndizi, miwa na mahindi ya kuchoma. Kila mmoja anataka kuonja.

Hatusemi watoto waachwe nyumbani. Gulioni mtoto hujifunza mengi na hufurahi. Lakini safari ya namna hii ina ugonjwa wake, nao ni kuharisha. Hatari kubwa ya kuharisha ni mwili kupoteza maji na chumvi. Mtoto mdogo anaweza kuishiwa nguvu kabisa kati ya asubuhi na jioni, na wengine hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa. Mzazi anaweza kuzuia hali hiyo.

KABLA YA KUONDOKA

Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa, yaache yapoe, kisha yatie katika chombo safi chenye kifuniko. Chukua pia kipande cha sabuni, pakiti mbili za ORS na kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hiyo humsaidia mhudumu asiyewafahamu kujua uzito wa mtoto na chanjo alizopata. Hakikisha pia mtoto mchanga amepata chanjo ya virusi vya rota, ambayo imekuwa ikitolewa nchini Tanzania tangu mwaka 2013. Virusi hivyo husababisha kuharisha kukali kwa watoto wadogo.

Mtoto anayetapika garini apewe chakula chepesi kabla ya safari, akae kiti cha mbele kidogo, na atazame mbali mbele ya gari. Msisahau sweta, maana huko milimani jioni kuna baridi.

CHAKULA GULIONI

Mtoto aliye chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Hahitaji maji, hata jua likiwa kali. Mama amnyonyeshe mara nyingi zaidi, na yeye mwenyewe anywe maji ya kutosha.

Kwa watoto wakubwa, angalieni yafuatayo:

1. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Mtoto hushika meza, fedha, mbuzi na udongo, kisha hutia vidole mdomoni.

2. Chagueni chakula kinachotoka motoni wakati huo huo. Hindi linalotoka kwenye makaa ni salama kuliko wali uliokaa kwenye sufuria tangu asubuhi.

3. Ndizi na chungwa mmenye wenyewe. Plamu na pichi huliwa na ganda lake, kwa hiyo zioshwe kwa maji safi mliyokuja nayo. Tikiti au nanasi lililokatwa na kuachwa wazi huku inzi wakitua, liacheni.

4. Juisi ya kwenye ndoo, barafu na kachumbari huweza kutengenezwa kwa maji yasiyochemshwa. Mtoto mwenye kiu apewe maji yenu.

HATARI NYINGINE

Mafuta ya taa mara nyingine huuzwa katika chupa za soda, na mtoto huyanywa akidhani ni soda. Likitokea hilo, msimtapishe wala msimpe maziwa, kwa kuwa akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpelekeni hospitali mara moja.

Pia mshikeni mtoto mkono, hasa karibu na malori yanayorudi nyuma na pikipiki. Andikeni jina lake na namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi, mkaiweke mfukoni mwake. Mkubaliane mapema mahali pa kukutana endapo mtapoteana.

MTOTO AKIANZA KUHARISHA

Msisubiri mpaka mfike nyumbani. Changanyeni ORS kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama hamna ORS, tieni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Msizidishe chumvi, ni hatari.

Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe. Mwenye zaidi ya miaka 2 apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha endeleeni polepole kwa kijiko. Aendelee kunyonya na kula. Dawa iliyochanganywa ikipita saa 24 imwageni.

Mfikapo kituo cha afya ombeni pia vidonge vya zinki. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani linashauri vitolewe pamoja na ORS, kwa siku 10 hadi 14. Kuharisha kukikoma mapema, vidonge vimalizwe. Msinunue vidonge vya kufunga tumbo kwa wachuuzi. Havirudishi maji mwilini, na kwa mtoto mdogo vinaweza kudhuru.

Mkimbizeni hospitali mtoto ambaye macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au choo kina damu. Akipata homa baada ya kulala mabondeni, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Wazazi, pakiti mbili za ORS hazijazi mfuko wala hazina uzito. Zitieni pamoja na nguo za watoto kabla basi halijaondoka.