Ada ya Kuficha Jina: Nani Alipe, Nani Asilipe

Ukinunua kikoa cha .com, kabla ya kulipa huenda ukaulizwa kama unataka taarifa zako zifichwe, kwa dola kadhaa za ziada kila mwaka. Wengi hulipa kwa hofu. Sioni sababu.

Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi. Rejista ya WHOIS ilimwonyesha kila mtu jina lako, anwani ya nyumbani, simu na barua pepe, na matapeli walizivuna kwa programu. Mei 2018, sheria ya Ulaya ya GDPR ilipoanza kutumika, ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, liliruhusu taarifa hizo zizibwe, na wasajili wengi wakaziba za wateja wao wote, wa Ulaya na wasio wa Ulaya. Kwa kawaida hubaki nchi na mkoa. Nafasi ya jina la kampuni ndiyo ya kuangalia: ukijaza hapo jina lako mwenyewe, linaweza kuonekana.

Wasajili kama Namecheap na Porkbun hutoa huduma ya kuficha bure. Cloudflare huziba bila malipo, na huuza kikoa kwa bei ya jumla, ila ni lazima utumie seva zake za majina. Bei hiyo ya jumla Verisign, kampuni inayoendesha .com, iliipandisha hadi dola 10.26 Septemba 2024, kwa hiyo anayekuuzia mwaka wa kwanza kwa dola moja atairudisha hasara yake mahali fulani. Tazama bei ya kuhuisha, ndiyo utakayoilipa miaka yote.

Soma pia mkataba. Kuna huduma inayobadilisha mawasiliano tu, wewe ukabaki mmiliki. Nyingine huandikisha kikoa kwa jina la kampuni ya kuficha, nawe ukawa mtumiaji kwa kibali chake. Siku mkigombana, karatasi ziko upande wake. Mwenye biashara ningemshauri aikwepe hii ya pili hata ikiwa bure.

Kudanganya jina au simu ndiyo njia mbaya kuliko zote: msajili akikuuliza usipojibu ndani ya siku 15, kikoa kinaweza kusimamishwa au kufutwa. Sanduku la posta na barua pepe ya pembeni vinatosha.

Ndugu zetu walioko Marekani wanaopenda .us wajue kuwa huko huduma ya kuficha hairuhusiwi, hata ukiwa na pesa ya kuilipia.