Kuchemka kwa Injini Katika Njia ya Embu na Meru

Barabara itokayo Embu kwenda Meru, ipitayo Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, imeuzunguka Mlima Kenya kwa upande wake wa mashariki, na kwa kuwa mito ya upande huo, Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo, imechimba mabonde yake kutoka mlimani kwenda nyanda za chini, kila gari halina budi kushuka mpaka darajani na kupanda tena ng'ambo ya pili, bonde baada ya bonde. Aghalabu watu wakiitaja njia hii huzungumza juu ya breki, na wana haki, maana mteremko wa Nithi umeangamiza roho nyingi. Walakini yeye apandaye ana adui yake pia, naye ni joto la injini.

Mafuta yakiungua ndani ya silinda, sehemu ndogo tu ya nguvu yake ndiyo iendayo kwenye magurudumu, na kadiri ya theluthi moja huingia katika maji yazungukayo ndani ya injini. Pampu huyasukuma maji hayo mpaka kwenye rejeta, upepo ukayapoza, yakarudi kuchukua joto jingine. Na baina ya injini na rejeta yupo bawabu, themostati, ambaye hafungui njia mpaka maji yafikie kiasi cha digrii 80 na ushei.

Sasa nchi yenyewe ina hila yake. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini Embu mjini, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 95 hivi, na Timau, iliyo juu zaidi, kwa kiasi cha 92. Kinachoyazuia yasitokote ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa springi yake huubana mvuke hata maji yastahimili kupita digrii 110. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka hakizuii kitu, na gari lililokwenda salama katika tambarare za Mwea laweza kuanza kufoka maji likiwa katika mpando wa kutoka Isiolo kwenda Timau. Ni kitu cha bei ndogo, nacho ndicho cha mwisho kutazamwa; ningependa kiwe cha kwanza.

Fundi mwenye busara, kabla ya kushika spana, humwuliza dereva swali moja: gari huchemka lini? Likichemka limesimama, mathalan katika msongamano wa Makutano mjini Meru, na kupoa likienda, dhahiri kosa ni la feni, kwa kuwa mwendo ndio uletao upepo ambao feni imeshindwa kuuleta. Likichemka katika mpando na hali limejaa abiria au magunia, shaka huangukia rejeta: ama imeziba ndani kwa kutu na chumvi, ama mapezi yake yamejaa tope la barabara za murram, nalo huondolewa kwa maji yenye nguvu ya kadiri, yakipitishwa kutoka upande wa injini kwenda nje. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, na mpira wa juu wa rejeta ukawa wa moto ilhali ule wa chini ni baridi, huenda themostati imekwama. Na ikiwa maji hupungua kila siku pasipo tone kuonekana chini, moshi mweupe ukatoka nyuma, oili ikageuka rangi kama chai ya maziwa, basi gasketi ya hedi imeungua, na hapo gharama ni kubwa.

Juu ya themostati sina budi kusema kwa mkazo. Imekuwa desturi katika gereji nyingi za jua kali kuing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hii ni batili. Asubuhi za Meru na Timau ni za baridi, na injini isiyopata joto lake hula mafuta mengi na kusagika upesi. Fauka ya hayo, katika injini nyingi themostati hiyo hiyo ndiyo izibayo njia ya mkato ya maji, ikiondolewa baadhi ya maji hurudi injini bila kupita kwenye rejeta, na joto lililokimbiwa likazidi.

Sindano ya kipimo cha joto ikipanda ungali njiani, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani ijapokuwa itakutoa jasho, kwani nayo huondoa joto katika maji, kisha utafute mahali pa salama pa kusimama mbali na ukingo wa mteremko, uizime injini. Usifungue kifuniko, mvuke wake huunguza uso na mikono papo hapo. Ngoja nusu saa au zaidi kabla ya kuongeza maji. Wala usimruhusu utingo kumwaga maji ya mtoni juu ya injini iliyo moto, maana hedi za siku hizi ni za aluminiamu, na baridi ya ghafula huzipinda au kuzipasua. Maji matupu yatakufikisha mjini, lakini baadaye yaondolewe, itiwe kulanti iliyochanganywa na maji safi, ambayo huzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka. Maji ya visima yenye chumvi, kama yale ya baadhi ya nyanda kavu za Tharaka, yasifanywe mazoea.

Ewe mwenye gari, ukiambiwa gasketi imekufa, usilipe kwanza. Mtake fundi akuonyeshe mapovu yakitoka ndani ya rejeta injini ikinguruma, na hedi ikifunguliwa ipimwe kwa rula iliyonyooka mbele ya macho yako, isawazishwe kwa mashine ikiwa imepinda. Kisha muulize ni kitu gani kilichoichemsha hapo awali, kwa sababu gasketi mpya juu ya rejeta iliyoziba haitavuka bonde la Mutonga mara nyingi.