Mwenzi Anaporudia Sigara kwa Siri: Namna ya Kulinda Afya na Kuaminiana Nyumbani

Mtu aliyeacha sigara akapongezwa na jamaa zake huona taabu kubwa kusema kwamba ameirudia. Badala ya kusema, hutafuta maficho. Huvutia kando ya steji ya tuktuk mjini Malindi, ufuoni baada ya samaki kushushwa, au nyuma ya duka anapotoka kununua mkate wa jioni. Akikaribia nyumbani hutafuna karafuu au peremende, hunawa mikono, na hushukuru akikuta udi umefukizwa.

Siku mwenzake anapogundua, nyumba hupata majeraha mawili kwa pamoja: la afya na la kuaminiana. Mara nyingi hilo la pili ndilo linalouma zaidi, na likishughulikiwa vibaya hufanya la kwanza lisipone. Makala haya yanaeleza kwa nini mtu hurudia sigara, kwa nini huficha, mwenzi wake afanye nini, na msaada unapatikana wapi katika Kaunti ya Kilifi.

Si tatizo la waume peke yao

Utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima, uliofanywa mwaka 2014, ulionyesha kwamba watu wazima milioni 2.5 nchini Kenya walikuwa wakitumia tumbaku. Hao ni asilimia 11.6 ya watu wazima wote: asilimia 19.1 ya wanaume na asilimia 4.5 ya wanawake. Wengi wa wanawake hao hawavuti sigara, bali hutumia tumbaku isiyo na moshi, kama vile ugoro. Kwa hiyo kiberiti kilichosahaulika mfukoni mwa shati na ugoro uliofungwa kwenye pindo la leso ni siri za aina moja.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwemo watu ambao hawajawahi kuvuta ila wanaishi au kufanya kazi na wavutaji.

Kwa nini mtu hurudia

Ndani ya tumbaku mna nikotini. Mtu akivuta sigara, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hivi na kumpa hisia ya utulivu. Ubongo huizoea, kisha huidai. Anapoacha, mwili hulalamika: hasira za haraka, usingizi wa mang'amung'amu, kukosa umakini, njaa na hamu kali ya kuvuta. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo ngumu zaidi. Baada ya wiki 2 hadi 4, malalamiko hayo ya mwili huwa yamepungua sana.

Linalobaki ni kumbukumbu. Ubongo haukusahau mahali, watu na saa zilizofungamana na sigara: kahawa chungu barazani baada ya swala ya Isha, kata ya mnazi mangweni, kutafuna muguka na wenzake, usiku mrefu baharini kusubiri nyavu, au siku ya kulipa karo ilhali mfuko mtupu. Wako wanaokaa mwezi mzima wa Ramadhani bila kuvuta mchana, wakapunguza hata usiku, kisha siku ya Idd rafiki akawanyooshea pakiti.

Wataalamu wa afya hutofautisha mambo mawili. Kuvuta sigara moja au mbili baada ya kuacha ni kuteleza. Kurejea kuvuta kila siku ni kurudia. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na hapa msemo huo una maana ya kitabibu: aliyeteleza akisaidiwa mapema huinuka kwa urahisi zaidi. Akiachwa na siri yake, sigara moja ya Ijumaa huwa tano za kila siku. Tena, wengi wa wale ambao hatimaye huacha kabisa huwa walijaribu zaidi ya mara moja.

Kwa nini huficha

Anayeficha si lazima awe anamdharau mwenzake. Mara nyingi ni kinyume chake: anaona haya kwa sababu aliahidi mbele ya mtu anayemheshimu. Anajiambia ataacha tena kabla ya kugunduliwa, na kwamba hakuna haja ya kumhuzunisha mtu kwa jambo litakaloisha wiki ijayo. Wiki ijayo hufika, na uongo wa kwanza hudai wa pili.

Hata wakubwa wa dunia hupitia hayo. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Kaunti ya Siaya, alikubaliana na mkewe Michelle kwamba ataacha sigara alipoamua kugombea urais wa Marekani. Mnamo Juni 2009, siku moja baada ya kutia saini sheria kali ya kudhibiti tumbaku, alikiri mbele ya wanahabari kwamba bado alikuwa akiteleza mara mojamoja, ingawa havuti mbele ya wanawe. Mapema mwaka 2011, Michelle alieleza kwamba mumewe alikuwa amekaa karibu mwaka mzima bila kuvuta. Miaka miwili baadaye, akizungumza na Mkenya Maina Kiai katika Umoja wa Mataifa, Obama alitania kwamba aliacha kwa kumwogopa mkewe. Mzaha huo ulichekesha watu, lakini lililotangulia mafanikio yake ni kukiri hadharani kwamba bado hajashinda.

Dalili si ushahidi

Harufu kwenye nguo, kikohozi cha asubuhi, safari za ghafla za dukani, pesa ndogondogo zisizo na maelezo, na hasira mtu anapozuiwa kutoka nje ni dalili zinazoweza kumfanya mwenzi ashuku. Lakini dereva wa bodaboda anayeshinda stejini na wavutaji hurudi nyumbani na harufu yao hata kama yeye hakuvuta. Kikohozi nacho kina sababu nyingi. Kikizidi wiki 2, mhusika aende kupimwa kifua kikuu, ugonjwa ambao uvutaji wa sigara huongeza hatari ya kuupata.

Kwa sababu hiyo ni bora kuuliza kuliko kushtaki.

Mazungumzo ya kwanza

Wakati ni nusu ya mazungumzo. Si saa ambayo mtu ameingia tu kutoka kazini, si mbele ya watoto, wala si baada ya kunywa. Saa tulivu, watoto wakiwa wamelala, inafaa zaidi.

Maneno ya kuanzia yataje kilichoonekana na kinachohisiwa, bila hukumu. Mke anaweza kusema: "Baba watoto, nimekuta kiberiti mfukoni nilipokuwa nikifua. Sikutafuta ugomvi. Naogopa kwamba sigara imerudi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hukuniambia. Niambie ukweli, tuangalie la kufanya." Mume naye anaweza kumwambia mkewe vivyo hivyo kuhusu ugoro.

Baada ya hapo anyamaze asikilize. Jibu la kwanza laweza kuwa kukana. Asilazimishe kukiri usiku huo. Amwachie mlango wazi na kurudia swali baada ya siku chache. Akikiri, neno la kwanza liwe la kushukuru kwa kusema kweli, hata kama moyo unawaka. Mtu akiadhibiwa kwa kusema kweli, hujifunza kuficha vizuri zaidi.

Hata hivyo, kushukuru hakumaanishi kwamba kuficha hakukuwa na uzito. Mwenzi aliyedanganywa ana haki ya kusema ameumia na kudai makubaliano mapya. Linaloleta nafuu ni ahadi ndogo inayotekelezeka. Badala ya kuapa kwamba "sitavuta tena maisha yangu yote," aliyerudia anaweza kuahidi: "Nikiteleza, nitakwambia siku hiyohiyo." Ahadi ya namna hii hurejesha kuaminiana hata kabla ya sigara kwisha.

Ikiwa mazungumzo haya yanaweza kuleta kipigo au vitisho, mwenzi asiyaanze akiwa peke yake. Usalama wake ndio wa kwanza. Simu ya bure 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia saa 24.

Mambo yanayoharibu

Kupekua mifuko na simu kila siku humgeuza mwenzi kuwa askari na aliyerudia kuwa mtoro. Kumtangaza kwa wakwe, kwa majirani au kwa wenzake wa chama humwongezea aibu, na aibu ndiyo iliyomfichisha. Mzee, shangazi, imamu au pasta anaweza kuwa msaada mkubwa, ila aitwe kwa ridhaa ya wote wawili.

Kuwafanya watoto wapelelezi huwaumiza. Kuwatuma dukani kununua sigara ni vibaya zaidi: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo inataka pia sigara ziuzwe katika pakiti isiyopungua sigara 10. Muuzaji anayefungua pakiti na kuuza mojamoja anavunja sheria, na biashara hiyo ndiyo inayomrahisishia mtu kuvuta kwa siri bila kubeba pakiti nyumbani.

Kanuni ya nyumbani

Sheria hiyohiyo inakataza kuvuta sigara mahali pa umma. Nyumbani, kanuni huwekwa na wenye nyumba, na hapa mwenzi asilegeze: hakuna kuvuta ndani, hata chooni, hata dirisha likiwa wazi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, nyingi zikiwa za sumu, na hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama. Mtoto anayeuvuta huwa katika hatari zaidi ya nimonia, pumu na maambukizi ya masikio. Mama mjamzito anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Udi na marashi huficha harufu tu, sumu hubaki.

Kanuni hii inaweza kusemwa kwa upole na bado ikawa imara. Haimfukuzi mtu nyumbani, inaufukuza moshi.

Kuanza tena

Baada ya ukweli kusemwa, wawili hao wanaweza kupanga pamoja:

1. Kuchagua siku ya kuacha, ndani ya wiki 2 zijazo, na kuondoa sigara, viberiti na vibweta vya majivu.

2. Kuorodhesha vishawishi. Ikiwa ni kahawa barazani, anywe chai nyumbani kwa wiki chache za mwanzo. Ikiwa ni mnazi au muguka, aviweke kando kwa muda huo, kwa kuwa humrejesha kwenye sigara.

3. Kujiandaa kwa hamu. Hamu kali ya kuvuta kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Anywe maji au dafu, atembee, azungumze na mwenzake, au ashughulishe mikono.

4. Kuhesabu pesa. Anayetumia shilingi 100 kwa siku kwa sigara hutumia shilingi 36,500 kwa mwaka. Pesa hiyo ikiwekwa kwenye kibubu, watoto wataiona faida yake.

5. Kuuliza kuhusu dawa. Zipo chingamu na vibandiko vya nikotini vinavyopunguza makali ya kuacha, na dawa nyingine zinazotolewa kwa maagizo ya daktari. Chingamu ya nikotini haitafunwi mfululizo: hutafunwa polepole hadi iwashe, kisha huwekwa kando ya ufizi. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waanze kwa kumwona mhudumu wa afya.

Kubadilisha sigara kwa ugoro au shisha si kuacha. Zote ni tumbaku.

Mwili huanza kupona mapema. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo hushuka. Baada ya saa 12, kiwango cha hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi katika damu hurudi kuwa cha kawaida. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Aliyeteleza njiani hajapoteza kila alichopata. Ahesabu upya kuanzia siku hiyo, na atafakari nini kilimtelezesha ili ajihadhari nacho.

Msaada unapatikana wapi

Mkazi anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye na kusema wazi kwamba anataka kuacha tumbaku. Anayehitaji huduma zaidi huelekezwa hospitalini, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kilifi au hospitali za Malindi na Mariakani. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba kijijini anaweza pia kuulizwa, na mazungumzo naye ni ya siri.

Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ina simu ya bure 1192 inayotoa ushauri saa 24. Anayeweza kupiga si mvutaji pekee. Mke, mume au mzazi aliyechoka kubeba siri ya mwingine anaweza kupiga kuomba ushauri kwa ajili yake mwenyewe.

Wahenga wa pwani walionya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Uraibu wa tumbaku ni maradhi, na una tiba. Tiba hiyo huanzia katika nyumba ambamo mtu anaweza kusema "nimeirudia" na bado akawekewa chakula mezani.