Angani, shahidi mmoja hatoshi

Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliruka kutoka Addis Ababa ikija Nairobi. Dakika sita baadaye ilikuwa imeanguka karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walifariki, na 32 kati yao walikuwa Wakenya wenzetu. Injini zilikuwa zikifanya kazi. Mkasa ulianza na habari ya uongo iliyotoka kwenye kifaa kidogo kilichokaa ubavuni mwa pua ya ndege.

Kifaa hicho ni kihisi. Fundi wa magari atakwambia ni "sensa", na si ile ya kuhesabu watu. Kazi yake ni kupima jambo moja, liwe joto, mwendo au pembe, kisha kupeleka jibu kwa kompyuta kwa njia ya umeme.

Ndege ya abiria ina vihisi vingi. Vijibomba vinavyochomoza karibu na pua hupokea hewa inayosukumwa ndani, na nguvu ya hewa hiyo huonyesha kasi. Vitundu vya ubavuni hupima shinikizo la hewa ya nje. Kadiri ndege inavyopanda ndivyo shinikizo linavyopungua, na hapo rubani hujua yuko juu kiasi gani. Pia kuna kijibawa kinachogeuka kwa upepo, ambacho hupima pembe kati ya bawa na hewa linayokutana nayo. Pembe hiyo ikizidi mno, bawa hushindwa kuibeba ndege.

Ndege ile ya Boeing 737 MAX ilikuwa na vijibawa viwili. Cha kulia kilionyesha nyuzi 15 hivi. Cha kushoto kilionyesha zaidi ya nyuzi 74, jambo lisilowezekana. Lakini programu iliyoitwa MCAS ilikuwa imeundwa kusikiliza kimoja tu kwa kila safari, na siku hiyo ilisikiliza cha kushoto. Ikaamini pua imeinuka kupita kiasi, ikaishusha tena na tena huku marubani wakihangaika kuiinua. Chini ya miezi mitano kabla yake, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka baharini huko Indonesia kwa namna inayofanana, wakafa watu 189.

Nahodha wa jahazi anayejua kazi hategemei alama moja. Hutazama nyota, mkondo na rangi ya maji, na zikipingana hupunguza mwendo. Marekebisho ya MAX yalifuata busara hiyo. Sasa programu hulinganisha vihisi vyote viwili, na vikitofautiana sana haiigusi pua, humwachia rubani.

Hata hivyo, wingi wa mashahidi pekee hautoshi. Julai 2013 roketi ya Urusi, Proton-M, iliruka kutoka Baikonur ikiwa imebeba setilaiti tatu. Ilipinduka na kuanguka katika muda wa nusu dakika hivi. Uchunguzi ulionyesha kuwa vihisi vitatu vya kupima mgeuko wa roketi vilifungwa juu chini. Vilikuwa vitatu, vyote vilikubaliana, na vyote vilikosea, kwa sababu mkono uliovifunga ulikosea na jicho la ukaguzi halikuona.

Kwa hiyo usalama wa angani unasimama juu ya mambo mawili: vihisi zaidi ya kimoja vinavyolinganishwa, na watu waaminifu wanaovikagua. Ukiwa uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa ukasikia safari imecheleweshwa kwa sababu kihisi kimoja hakikubaliani na mwenzake, usikasirike. Walio chini wakibishana na kompyuta hupoteza saa mbili. Walio juu hawana muda huo.